Ukumbi Ulio Ndani ya Ukungu

Mimi, Clency Perrine, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kasoko ya Trou Cabri, nina umri wa miaka themanini na mmoja, na nimeishi kuzidi kimbunga Carol kilichobeba paa la baba yangu, kimbunga Gervaise kilichobeba paa langu mimi, na kimbunga Hollanda kilichonikuta nimeshamwaga zege nikakisubiri barazani. Nimeishi kuzidi treni ya Curepipe, ambayo nikiwa kijana ilinipita kwa dharau na leo haipo, mimi nipo. Nimewazika wenyeviti wote walionitangulia, na pia yule daktari aliyeniambia niache ramu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mzuri ila hakunywa. (Makofi. Yalikuwa makofi ya glavu, maana ni Julai na baridi ni ya huku kwetu juu, kwa hiyo hayakusikika sana, lakini yalikuwa mengi.)

Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Mandhari ya Nyanda za Juu, Bwana Yashveer Gobin, uliyepanda kutoka Port Louis na shati la mikono mifupi kwa sababu huko kwenu kuna joto na hukuuliza mtu. Mheshimiwa Padre Alexis, uliye mahali fulani kushoto kwangu. Waheshimiwa wakimbiaji wa asubuhi mnaozunguka ukingo wa kasoko hii na mnaonipita mbele ya uso kila nikifika kwenye neno muhimu. Waheshimiwa wageni wetu wa kimataifa, yaani yule bwana wa Ujerumani na mkewe, ambao nadhani wamepotea lakini tumewahesabu. Bwana Sylvio kinyozi, ambaye hakualikwa. Akina mama, akina baba, na wote ambao ukungu umenizuia kuwatambua kwa vyeo vyenu, itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa na ajitaje polepole asivuruge ratiba. (Watu kadhaa wanajitaja.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria, ya kimkakati na ya kimtambuka, siku ambayo Kamati yangu, baada ya kufanya upembuzi yakinifu, yaani kwanza tulipembua, kisha tukayakinifu, inazindua rasmi Ukumbi wa Panorama wa Trou Cabri, jengo la kisasa la vioo, lenye sakafu mbili, darubini, lifti ya kumshusha mgeni mpaka kwenye kidimbwi kilicho chini ya kasoko na kumpandisha tena akiwa hajachafuka, na mkahawa. Jengo lenyewe lipo hapa nyuma yangu, hatua chache tu nyuma ya utepe, na kama si huu ukungu mngekuwa mmeshalichoka.

(Sauti ya Sylvio kinyozi: "Mzee, hebu ligonge ukuta tusikie.")

Rangi haijakauka. Tuendelee.

(Sauti ya mwanamke, karibu na utepe: "Na nafasi yangu, Mwenyekiti?")

Huyo ni Mama Dewantee, na swali lake ni zuri, tena limeulizwa mara nyingi, nami napenda lijibiwe kwa utaratibu, sio kwa haraka. Kwa wale wasiomjua, na asiyemjua basi hajawahi kushikwa na njaa asubuhi hapa juu, Mama Dewantee ndiye aliyekuwa akiuza dholl puri, zile chapati laini za dengu zinazokunjiwa mchuzi wa maharage na achari, hapa hapa ukingoni, chini ya msonobari ulioinama, tangu enzi za mama mkwe wake. Na ni Kamati yangu, kwa amri yenye muhuri, iliyomteremsha kabla ya Pasaka mpaka chini mlimani, kwenye kona ya kibanda cha basi, ili kupisha ujenzi. Huko chini, anasema, magari ya wageni yanapita yameshika kasi ya kupanda na hayasimami, na yakirudi wageni wanataka choo, hawataki chapati. Anasema mumewe hawezi tena kazi ya chai kwa ajili ya mgongo. Anasema mnunuzi wa Vacoas anakuja Jumatatu kuchukua mkokoteni na chuma cha chapati, kama leo hakupata jibu. Haya yote yamepokelewa, yamegongwa muhuri na yanafanyiwa kazi katika ngazi husika, na ngazi husika ni mimi.

("Basi sema.")

Nitasema kwa mujibu wa ratiba, mama. Kwanza historia.

Kasoko hii, waheshimiwa, ni mdomo wa volkano. Wataalamu wa Port Louis wameandika kwenye kibao kwamba volkano yenyewe imezimika, wakaweka nukta, wakaondoka. Mimi sikusoma sana, shule yangu ilikuwa chini ya mti wa lichi na mwalimu alikuwa mjomba, lakini hata mimi najua kitu hakizimiki hivi hivi, lazima kuna aliyekizima, na aliyekizima lazima awe na cheo. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba tangu nishike uenyekiti huu volkano ya Trou Cabri haijalipuka hata mara moja, haijatoa moshi, haijakohoa, ilhali ndugu zetu wa Reunion, ng'ambo ya maji hapo, yao inalipuka kila wakikaa kula. Mimi sijui wana wenyeviti wa aina gani. (Makofi. Bwana wa Ujerumani anauliza jambo, mkewe anamwambia anyamaze.)

Sasa nije kwenye vivutio, kwa sababu mgeni wa kisasa hapandi mlima kwa ajili ya shimo moja, anataka kifurushi. Nimebuni kifurushi. Mgeni akisimama ndani ya Ukumbi huu, kwenye sakafu ya juu, upande wa kaskazini ataona milima yote mpaka bandarini, pamoja na ule wenye vilele vitatu ambao jina lake la Kifaransa sitalitaja mbele ya Padre. (Padre anakohoa.) Upande wa kusini ataona mashamba ya chai, na mbele ya chai ataona bwawa takatifu la mahujaji, na ngedere wa bwawa takatifu, ambao hawana utakatifu wowote, mmoja aliniibia kofia. Ataona bustani ya Curepipe, na ndani ya bustani ule mti wa jamii ya minazi ambao umebaki mmoja tu duniani kote, hauna mwenzake, wamejaribu kuutafutia mbegu wameshindwa, umezungushiwa uzio. Nilikwenda kuutazama baada ya kumzika marehemu mke wangu. Tulitazamana. Mlinzi akaniambia usiguse, nikamwambia sina haja. Ataona pia nyumba yangu, iliyopakwa rangi ya kijani, na hiyo ni bure.

(Sauti ya Bwana Gobin, meno yakigongana: "Mwenyekiti, kwa leo tunaona nini?")

Swali la kitaalamu, Mheshimiwa, na ninalijibu kitaalamu. Leo tunaona ukungu. Na hapa naomba niwaeleze watu wa pwani jambo ambalo hamjafundishwa. Mtu wa Trou Cabri huzaliwa ndani ya ukungu, na amezoea kuheshimu kitu kabla hajakiona. Anapita barabarani asubuhi, anajifanyia ishara ya msalaba kuelekea kanisani, kanisa lenyewe halionekani hata kengele. Anamwamkia jirani kwa kikohozi chake. Anagombana na nguzo ya umeme akidhani ni shemeji, na jioni anaiomba radhi. Mtu wa pwani anasema nionyeshe niamini. Sisi tunaamini, kisha baada ya chakula cha mchana ukungu ukitoka tunakuta kweli kanisa lilikuwapo. Kwa tabia hiyo ndivyo tulivyojenga.

Ndiyo maana kila Port Louis walipotuandikia kwamba watumiwe picha za maendeleo ya mradi, mimi mwenyewe nilipanda hapa asubuhi na mapema, nikaelekeza simu mahali pa jengo, nikapiga, nikatuma. Picha ya msingi, ukungu. Picha ya kuta, ukungu mzito zaidi. Picha ya paa ilikuwa nzuri sana, ilikuwa na ndege. Na kila mara jibu lilirudi lenye sahihi ya Mheshimiwa Gobin mwenyewe: kazi inaonekana, endeleeni. (Bwana Gobin anatazama viatu vyake.) Naomba makofi kwa Mheshimiwa, maana si kila mkubwa ana jicho la namna hiyo. (Makofi ya glavu.)

Kitakwimu, asilimia tisini na nane ya Ukumbi huu imekamilika, na asilimia tano iliyobaki iko mbioni. Umeleta ajira za moja kwa moja, za kona kwa kona na za kuzunguka. Umeinua kipato cha kaya, na kaya ambazo hazijainuka ni kwa uvivu wao.

(Mama Dewantee, sasa yuko mbele kabisa ya utepe: "Mwenyekiti, mimi sikuuliza jengo. Jengo liwepo au lisiwepo, mimi nimeuliza ule mti wangu ulioinama. Nirudi au nisirudi?")

Mama, unaniuliza jambo la kisheria kwa lugha ya jikoni. Ule msonobari sasa umo ndani ya mpaka wa mradi wa kitaifa, na ndani ya mpaka wa mradi wa kitaifa hauwezi kuingia mkokoteni, hawezi kuingia mbuzi, hata mimi naingia kwa kibali ninachojiandikia. Ukirudi wewe na mwingine atasema arudi. Kesho atakuja muuza alouda na maziwa yake ya rangi. Maendeleo yana maumivu, na mimi nayajua, nimewahi kung'olewa jino na fundi baiskeli.

("Aliyekung'oa alikuwa baba yangu," anasema Sylvio, "na hukumlipa shukrani.")

Nilimshukuru kwa ishara, mdomo ulikuwa umejaa pamba. Tuendelee.

Kuhusu mikakati ya awamu zijazo, Kamati inatarajia, fedha zikiruhusu, wadau wakiridhia na afya yangu ikiendelea kuwashangaza, kujenga reli ya kuning'inia angani kutoka hapa mpaka bwawa takatifu, ili hujaji asichoke kabla ya kuomba. Kuweka taa chini ya kasoko zinazopepesa kama moto, ili mgeni aliyekatishwa tamaa na volkano iliyozimika apate angalau la kupigia picha. Na kuotesha mti wa pili wa ule wa bustanini, hata kama ni wa plastiki, ili usikae peke yake. (Padre: "Amina." Sijui aliitikia nini, lakini nimeiandika.)

Nasikia magurudumu yanapita kwenye kokoto nyuma yangu. Msigeuke. Huyo ni mkandarasi anahamisha vifaa.

Narudi kwenye uongozi bora. Watu huniuliza, Mzee Clency, unawezaje, nami nasema ni kipaji pamoja na kuamka mapema. Nilipoingia kwenye kiti hiki ukingo huu haukuwa na hata benchi. Leo kuna benchi. Liliibiwa, nikalirudisha, likaibiwa tena, sasa najua lilipo, liko kwa kinyozi, watu wanalikalia wakinyolewa. (Kicheko. Sylvio hacheki.) Sikuja hapa kugombana. Nasikia harufu ya jira, na mafuta ya moto, na nawaomba wale wanaoondoka safu ya mbele wakae, hotuba haijafika katikati. Mheshimiwa Gobin, na wewe kaa. Mheshimiwa. Bwana wa Ujerumani, huko siko kwenye gari lenu.

(Safu ya mbele inatembea kuelekea nyuma ya utepe, ikifuata harufu. Safu ya pili inaifuata ya kwanza. Wakimbiaji wanaacha kukimbia.)

Na sasa naona jua limekuja bila mwaliko. Kwa miaka yote Julai haijaniangusha kwa ukungu wake, Julai ni mwezi wa chama, na leo inanifungukia kama pazia la jirani mbea. Naomba tufumbe macho kwa sala fupi. Padre, tuombee, sala ndefu kidogo. Padre yuko wapi?

(Ukungu unaondoka kwa mkupuo mmoja, kama unavyofanya hapa kwetu. Milima inaonekana mpaka bandarini. Kasoko inaonekana, na kidimbwi chake, na mbuzi watatu. Nyuma ya utepe kuna nyasi. Kwenye nyasi kuna msonobari ulioinama, na chini ya msonobari kuna mkokoteni, mwavuli mwekundu, chuma cha chapati kinachotoa moshi, Mama Dewantee akigeuza, na foleni ambayo Padre ni wa kwanza.)

(Mbuzi mmoja analia.)

Ndugu wananchi. Kama mnavyojionea.

(Sylvio: "Tunajionea nini, babu?")

Mnajionea kile mnachojionea, sikuja hapa kuwafundisha macho.

Na hapa, waheshimiwa, ninaweka kwenye kumbukumbu mambo yaliyosemwa kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ndiyo yaliyoamua. Bwana Gobin alitoka kwenye foleni, midomo imekuwa ya bluu kwa baridi, akaja mpaka jukwaani akaniambia karibu na sikio kwamba yeye naye amepeleka ripoti juu, na wa juu amepeleka juu zaidi, na wiki ijayo kuna mtu mkubwa wa kuja kulitazama jengo, na kwamba yeye ana watoto wawili wanaosoma. Nikamwambia mimi nina umri wa kusahau, watanisamehe, yeye ndiye wa kuhurumiwa. Akatazama nyasi. Akatazama mkokoteni. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mwenyekiti, kile chenye mwavuli mwekundu, ndicho Ukumbi?"

Mimi nimeongoza kwa muda mrefu, najua mlango ukifunguliwa. Nikasema ndicho, Awamu ya Kwanza.

(Mama Dewantee, bila kuacha kugeuza: "Hapana. Hiki ni changu.")

Nikamweleza kwamba ni heshima, kwamba mkokoteni ukishazinduliwa na serikali hakuna kamati, hata yangu, yenye uwezo wa kuuteremsha mlimani, kwamba utakuwa mali ya mandhari. Akasema mandhari haijawahi kukanda unga. Akasema yuko tayari mkokoteni wake uitwe Ukumbi, uitwe Panorama, uitwe hata Ikulu kama inamfaa Bwana Gobin, lakini sharti niseme kwenye kipaza sauti, mbele ya Padre na Sylvio, neno moja tu, na lisiwe na muhuri wala awamu wala ngazi husika. Foleni nzima ikanigeukia, chapati mkononi. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo wakiwa wanatafuna.

Ndugu wananchi, mimi Clency Perrine nasema hivi: nafasi ya chini ya msonobari ulioinama ni ya Mama Dewantee, leo na Jumatatu na baada ya Jumatatu, na baada yake ni ya atakayemtaka yeye. Mnunuzi wa Vacoas apigiwe simu asipande.

(Makofi. Safari hii walikuwa wamevua glavu ili wale.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, nakata utepe. (Mkasi haukati. Sylvio anatoa wake mfukoni. Unakata.) Ukumbi wa Panorama umefunguliwa. Una mandhari pande zote kwa sababu hauna kuta, jambo ambalo wasanifu wa Ulaya wamelitafuta kwa miaka mingi.

Nikisema kasoko, mnasema yetu. Kasoko. (Wachache: "Yetu.") Nikisema ukungu, mnasema wetu. Ukungu. ("Umeondoka.") Nikisema maendeleo, mnasema mbele. Maendeleo. (Midomo imejaa.)

Kabla sijakaa, kwa kuwa anayekula asiposhukuru hukabwa, natoa shukrani zangu za dhati kwa mkandarasi mkuu wa mradi huu, ambaye hakupatikana, na kwa kutopatikana kwake hatukudaiwa kitu. Kwa mafundi wa vioo, ambao hawakuambiwa. Kwa mhandisi wa lifti, ambaye nilimwota mara moja na alikuwa na adabu. Kwa saruji yote iliyobaki salama dukani. Kwa Ofisi ya Mandhari, iliyoahidi bajeti kwa moyo mmoja na ikaitunza hukohuko, hata leo niweze kusimama kifua mbele na kusema kwamba katika mradi huu haikuibwa hata rupia moja, kwa sababu haikufika hata rupia moja. Na kwa wananchi wa Trou Cabri, mlioshuhudia jengo hili likipanda siku hadi siku bila kelele, bila vumbi, na bila jengo.

Nikashuka jukwaani, nikaenda nyuma ya foleni, maana nilipojaribu mbele Mama Dewantee aliniambia, "Mwenyekiti, foleni inaanzia kule kwa mbuzi." Ilipofika zamu yangu alinikunjia vizuri, akaongeza pilipili bila kuuliza. Sasa, hapa kwetu hata mtoto anajua dholl puri huuzwa jozi. Haijauzwa moja tangu ianze kuuzwa. Ukiagiza unapewa mbili zimekumbatiana kwenye karatasi. Mimi nikafungua karatasi nikakuta moja.

Nikamuuliza ya pili iko wapi.

"Asilimia tano iliyobaki," akasema. "Iko mbioni, babu. Utaipata jengo likisimama."

Nimeila hiyo moja nimesimama, nikitazama milima mpaka bandarini, na ilikuwa nzuri. Haya niliyoandika ni kweli yote, na makofi nimeyaweka mahali pake. Wa kunishuhudia ni Padre Alexis, aliyekula jozi mbili na akaomba ya kwenda nayo. Ni Sylvio kinyozi, ambaye hanipendi na kwa hiyo hawezi kunipendelea. Na ni Bwana Yashveer Gobin wa Port Louis, ambaye ameshapeleka ripoti yake juu, kwa sahihi yake kamili, kwamba aliingia ndani ya Ukumbi wa Panorama wa Trou Cabri mwenyewe kwa miguu yake, akaukuta una joto la kutosha, na unanukia vizuri.